Unasomea uuguzi lakini wodi huipendi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa uuguzi wanayarudia kila muhula, na wengi wanauliza kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Nimeanza na ya msingi nikamalizia na yale ya mtu mmoja mmoja, na pale ambapo jibu liko tayari kwenye swali lingine nakuelekeza huko. Ruka tu uende kwenye lako.

## Tuanzie hapa

Sipendi kuhudumia mgonjwa kitandani. Ina maana nimekosea kozi?

Si lazima. Uuguzi ni mpana kuliko wodi, ila shule zinakufundisha kupitia wodi, kwa hiyo miaka yote ya masomo unaona kitanda, chati, dripu, kitanda tena, mwisho unaamini hayo ndo maisha yako mpaka ustaafu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi karibu milioni 28 duniani, na humo wamo wanaochanja watoto, wanaofundisha, wanaosimamia majaribio ya dawa, wanaokagua madai ya bima, wanaokaa kwenye takwimu. Hao nao ni wauguzi kamili.

Hata Florence Nightingale, yule ambaye picha yake inabandikwa kila shule ameshika taa, muda mwingi wa maisha yake hakuwa wodini. Alirudi kutoka vita vya Crimea mwaka 1856, akaugua sana, na kazi kubwa iliyobaki aliifanya kwa kalamu na takwimu. Mwaka 1858 alichapisha mchoro unaoonyesha kwamba askari wengi walikufa kwa magonjwa yanayozuilika kuliko kwa majeraha, na huo mchoro ulisaidia kubadilisha usafi kwenye hospitali za jeshi. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba nesi wa kwenye makaratasi si nesi, jua historia yenyewe inakataa.

Nitajuaje kama ni wodi siipendi au ni uchovu tu?

Hili ndo swali la maana kuliko yote humu, na wengi wanaliruka wanakimbilia kuuliza "kazi gani inalipa". Sema kwa usahihi ni kitu gani hasa kinakukera, manake "sipendi wodi" inaweza kuwa mambo kumi tofauti na kila moja lina mlango wake wa kutokea.

Chukua daftari, kwa wiki chache ukitoka zamu andika dakika ile uliyotamani kuondoka. Usiandike "siku mbaya", andika tukio. Kwa mfano: saa nane usiku, wagonjwa wengi kwa nesi mmoja, kengele tatu zinalia pamoja, nikashindwa nianze na ipi. Au: kumgeuza mgonjwa mzito peke yangu. Au: ndugu wa mgonjwa alinifokea mbele ya watu. Au: niliona kidonda nikasikia kizunguzungu. Au: sista wa zamu alinidhalilisha. Ukirudi kusoma utaona mchoro wake.

Kama kinachorudi ni usiku na kukosa usingizi, tatizo lako ni ratiba, na kliniki za mchana zinaweza kukutosha kabisa. Kama ni wingi wa wagonjwa kwa mpigo, unahitaji sehemu ya mgonjwa mmoja mmoja. Kama ni mwili, yaani mgongo na kunyanyua, kuna kazi za kukaa. Kama ni harufu na majimaji, soma swali la kuogopa damu huko chini. Kama ni mtu fulani mwenye roho mbaya, hapo tatizo si uuguzi, ni huyo mtu, na usimpe nafasi ya kukuchagulia maisha. Lakini kama siku ilikuwa nzuri, wenzako wazuri, mgonjwa kakushukuru na bado unatoka umechoka kwa ajili ya kuongea na watu tu, basi wewe ni wa kazi zisizo na mgonjwa na hakuna ubaya wowote.

Kingine, kama huna hamu na chochote hata vile ulivyovipenda nje ya shule, hulali, unalia bila sababu, hiyo si habari ya ajira, nenda ukaongee na mshauri au daktari kwanza. Maamuzi ya kazi yatasubiri.

Niache kozi saa hii au nimalize?

Mimi nasema maliza, hasa kama umeshavuka nusu. Karibu kila kazi iliyotajwa humu inakuuliza leseni, na leseni huipati bila kumaliza masomo na mazoezi ya wodini. Ukiacha katikati unatoka na maarifa mengi ila huna karatasi, na anayekuajiri hawezi kulipa maarifa ambayo hayana karatasi.

Nasita kusema hivyo kwa mtu wa mwaka wa kwanza ambaye kila kitu cha afya kinamchosha, siyo wodi tu bali hata anatomia, hata dawa, hata kusoma habari za magonjwa. Huyo afikirie vizuri kabla hajaongeza ada nyingine juu, na aongee na ofisi ya masomo kuona kama masomo yake yanaweza kuhamishiwa kozi jirani kama afya ya jamii, lishe au maabara.

Ni lazima nifanye kazi wodini kwanza, hata mwaka mmoja tu?

Inategemea unaelekea wapi. Zipo kazi zinazopokea mhitimu mpya moja kwa moja: chanjo, kliniki za nje, kuchangisha damu, baadhi ya thieta (vyumba vya upasuaji), afya ya jamii, kuingiza takwimu za utafiti. Nyingine, kama kuzuia maambukizi, kukagua madai ya bima, kufundisha, kuhudumia kwa simu, mara nyingi wanataka uzoefu kwanza, na sababu yao ni ya msingi kabisa: huwezi kumwambia nesi wa wodi namna ya kufanya kazi wakati hujui saa kumi na moja alfajiri wodini kukoje.

Kama itabidi upitie, basi chagua wodi yenye faida na safari yako. Anayetaka utafiti wa saratani akae wodi ya saratani, anayetaka kuzuia maambukizi akae upasuaji au chumba cha wagonjwa mahututi, huko anaona mipira ya mkojo, vidonda na dripu za muda mrefu ambazo ndo njia za maambukizi. Na jiwekee tarehe ya kutoka uiandike, manake wodi ina tabia ya kukumeza, unasema mwaka mmoja unashtukia saba.

## Bado na wagonjwa, ila nje ya wodi

Napenda watu, sipendi kulaza na kugeuza. Kuna nini?

Kuna vingi, na nadhani wengi wenu mko kundi hili bila kujijua. Kliniki ya wagonjwa wa nje: anakuja, unampima presha na sukari, mnaongea kuhusu dawa, anaondoka kwa miguu yake. Kliniki ya kisukari, ya pumu, ya uzazi wa mpango, ya ngozi, ya macho. Chanjo nayo iko hivyohivyo, ila kule kuna kazi ya ziada ambayo watu hawaioni, ya kulinda mnyororo baridi: friji ya chanjo nyingi inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, unasoma kipimajoto asubuhi na jioni unaandika, na ikitoka nje ya hapo usiku umeme umekatika lazima ujue chanjo ipi imeharibika na ipi bado inafaa. Mtu makini asiyependa kelele anaipenda sana kazi hii.

Kusafisha damu kwa mashine kwa wagonjwa wa figo ni sehemu nyingine. Pale unakaa na wagonjwa walewale, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila kikao, mnafahamiana mpaka majina ya watoto. Sio ya kila mtu, kuna sindano kubwa na damu inazunguka mbele ya macho yako, lakini kwa anayechoshwa na kupokea mgonjwa mpya kila saa ni pazuri.

Halafu kuna nesi wa shule na nesi wa mahali pa kazi, hizi si za leo. Kiwanda cha Colman's kule Norwich, Uingereza kilimwajiri Philippa Flowerday mwaka 1878 kuwaangalia wafanyakazi na familia zao, na Lina Rogers alianza kuzunguka shule za New York mwaka 1902 kwa majaribio tu. Watoto waliokuwa wanarudishwa nyumbani kwa magonjwa madogomadogo ya ngozi na macho wakatibiwa, wakaendelea na masomo, na mji ukaongeza manesi wengine. Leo nesi wa kiwandani anakagua kelele, kemikali, mikao ya kazi, anapima masikio na mapafu ya wafanyakazi, na jioni anarudi kwake.

Thieta inahesabika kama wodi?

Hapana, na watu wanaishangaa wakishaijua. Mgonjwa amelala, humwogeshi, hupishani na ndugu, unashika mgonjwa mmoja kwa wakati. Kuna nesi anayenawa na kuvaa gauni safi anampa daktari vifaa, na kuna yule anayezunguka nje ya eneo safi analeta vitu na kuandika. Wote wawili wanahesabu: gozi (vitambaa vya kufyonza damu), sindano, vifaa, kabla ya kuanza na kabla ya kufunga, kwa sauti, na hesabu isipokubali hamna kufunga mpaka kipatikane kilichopotea. Nesi mdogo kabisa ana haki ya kumwambia daktari mkubwa "subiri, gozi moja haipo", na kwenye thieta yenye nidhamu daktari anasimama.

Mwaka 2008 WHO ilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, inasomwa mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Ukiwa mtu wa utaratibu, unayependa kitu kiwe mahali pake, hapo utajisikia nyumbani. Ubaya wake ni kusimama muda mrefu na kuitwa usiku dharura zikitokea, kwa hiyo kama kilichokukimbiza ni mgongo au usiku, uliza ratiba kabla hujasaini.

Kuhudumia wagonjwa kwa simu ni kazi kweli?

Ni kazi kweli na ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mama anapiga, mtoto ana homa, humwoni, humgusi. Unamuuliza: ananyonya? amekojoa mara ngapi tangu asubuhi? shingo anaweza kuikunja? akipumua mbavu zinaingia ndani? Weka simu karibu na mdomo wake nimsikie. Kwa majibu hayo unaamua abaki nyumbani, aje kesho, au aitiwe gari la wagonjwa sasa hivi, na kila ulichosema unakiandika. Ndo maana wengi wanataka uwe umeshaona watoto wagonjwa kwa macho yako kwanza, manake sikio linaongozwa na kile jicho liliwahi kuona.

Afya ya jamii je?

Kwa wanaopenda kuzunguka na kuchukia kuta. Lillian Wald alianzisha huduma ya manesi wa kutembelea nyumba za maskini New York mwaka 1893 na ndo alilipa jina uuguzi wa afya ya jamii. Kazi yenyewe leo ni kutembelea kaya, kufuatilia waliokutana na mgonjwa wa kifua kikuu, elimu ya uzazi, kampeni za chanjo. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 na kazi kubwa ilifanywa na watu waliokuwa wanatembea nyumba kwa nyumba, siyo wodini. Makaratasi ni mengi, hilo nikuambie mapema.

## Kazi zisizo na mgonjwa mbele yako

Nesi wa kuzuia maambukizi anafanya nini siku nzima?

Asubuhi anasoma majibu ya maabara yaliyotoka usiku, anatafuta vijidudu vinavyojirudia. Akiona wagonjwa wawili wa wodi moja wana kimelea kilekile sugu, anasimama anakwenda kuuliza: walilala vitanda jirani? walitumia bafu moja? nani aliwawekea dripu? Baada ya hapo anakaa kona ya wodi na karatasi anaangalia nani ananawa mikono na lini, akifuata zile nyakati tano za WHO: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribiana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mchana anafundisha, jioni anaandika ripoti.

Ni kazi ya upelelezi, na inaokoa watu ambao hawatajua kamwe kwamba uliwaokoa. Inahitaji ngozi ngumu kidogo kwa sababu utamkumbusha daktari bingwa kunawa mikono na hatofurahi.

Kutakasa vifaa si kazi ya wasaidizi?

Msimamizi wake mara nyingi ni nesi, hasa aliyetoka thieta. Mvuke wa nyuzi 121 au 134 kulingana na mashine na mzigo, muda, shinikizo, karatasi inayobadilika rangi ikipitia joto, na kipimo cha spora hai (vijidudu vigumu kuua) kuthibitisha kweli vijidudu vimekufa. Karatasi kubadilika rangi peke yake haitoshi, inakuambia tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Hii sehemu haina foleni ya watu wanaoitaka na anayeijua vizuri anatafutwa.

Utafiti wa dawa unaingiaje kwa nesi?

Unaingia vizuri sana. Kila jaribio la dawa lina mtu wa kueleza mshiriki kinachoendelea mpaka aelewe, kuhakikisha fomu ya ridhaa imesainiwa kabla ya kitu chochote kufanyika, kuchukua vipimo kwa wakati, na kuripoti madhara. Azimio la Helsinki la 1964, lenye maadili ya utafiti kwa binadamu, na mwongozo wa utendaji bora wa majaribio (GCP) wa 1996, ambao umeshafanyiwa marekebisho, ndo misingi ya kazi yote hii, na kozi ya huo mwongozo inapatikana mtandaoni, baadhi ni bure. Ifanye ukiwa bado mwanafunzi.

Uzito wa kazi uko kwenye vitu vidogo. Itifaki inasema damu ichukuliwe saa mbili baada ya dozi, umechukua ikiwa imepita saa mbili na dakika ishirini, usiandike saa mbili kamili. Unaandika muda halisi na kueleza kwa nini. Ukikosea kuandika hufuti, unapiga mstari mmoja, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Kama wodini ulikuwa unasifiwa kwa chati safi, njoo huku.

Na kompyuta, takwimu, kodi (alama za utambulisho) za magonjwa?

Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ukitengenezwa na mtu asiyejua wodi, nesi anabonyeza mara kumi na tano kuandika presha moja. Ndo maana wanahitajika wauguzi wanaokaa katikati ya watengeneza programu na watumiaji: kueleza kazi inavyoenda, kujaribu mfumo kabla haujawashwa, kufundisha wenzao. Huhitaji kuwa mwandishi wa programu. Anza na lahajedwali (kama Excel) ulijue vizuri, halafu ujue misingi ya hifadhidata.

Kodi za magonjwa ni upande wake: unasoma faili la mgonjwa unageuza utambuzi kuwa kodi ya orodha ya kimataifa ya magonjwa (ICD), kwa mfano kwenye toleo la kumi la orodha hiyo presha ya kupanda ni I10, kisukari aina ya pili ni E11, pumu ni J45. Toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 2022 na nchi zinahamia kwa kasi tofauti, kwa hiyo anayejua yote mawili ana faida. Ni kazi ya kimya, inachosha macho, wengine wanaifanyia nyumbani.

Bima na kuuza vifaa tiba, si kuusaliti uuguzi?

Sioni usaliti. Kwenye bima unasoma kama matibabu yaliyodaiwa yanaendana na ugonjwa, na nesi mwenye utu pale ndani ndo anayeona kwamba dai lililokataliwa lilikuwa halali. Itakuuma siku nyingine, sera ikisema hapana na wewe unajua mgonjwa anahitaji, kwa hiyo jipime.

Kuuza vifaa au dawa kunataka mdomo, safari, na kuvumilia malengo ya mwezi. Kuna nafasi jirani ambayo wengi hawaijui, mkufunzi wa kifaa: kampuni imeuza pampu za dawa, wewe unazunguka hospitali kufundisha manesi kuzitumia. Hapo hamna kulazimisha mtu anunue.

Kufundisha na kuandika?

Kufundisha kunahitaji shahada ya juu zaidi sehemu nyingi, na uzoefu wa kazi, ila unaweza kuanza kama mwelekezi wa maabara ya mazoezi kwa kutumia midoli. Kuandika, yaani vijitabu vya wagonjwa, moduli za kozi, miongozo, kunataka vielelezo vya kazi zako kuliko vyeti. Andika vipeperushi viwili vitatu vizuri, mtu asiye wa afya avisome aelewe, hivyo ndo unaanza kuonyesha.

Sera na uongozi?

Ipo, wizarani, kwenye mashirika, kwenye vyama vya wauguzi. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lipo tangu 1899. Ila hii ni ya baadaye, usiiweke kama kazi ya kwanza.

## Ukiwa bado shule

Nifanye nini sasa hivi ili nisikwame wodini?

Ukipewa uhuru wa kuchagua sehemu ya mazoezi, chagua ile unayoiwaza na siyo ile rafiki zako wanaenda. Usipopewa, omba siku moja ya kumfuata mtu: nesi wa maambukizi, wa utafiti, wa takwimu. Wengi wanakubali ukiomba kwa adabu, "samahani sista, naomba nikufuate siku moja nione kazi yako", na siku hiyo fika mapema, uliza maswali, usishike simu. Utafiti wako wa mwisho wa shule nao uuelekeze huko: anayetaka kuzuia maambukizi apime unawaji mikono, anayetaka takwimu achambue kumbukumbu.

Sivii yangu ina wodi tupu, niandikeje?

Usiandike "nilihudumia wagonjwa". Andika kazi kwa lugha ya kule unakoenda. Makabidhiano ya zamu ni kueleza taarifa ngumu kwa ufupi. Kugawa dawa ni kufuata itifaki na kukagua makosa. Kumfundisha mgonjwa kujidunga insulini ni kufundisha mtu mzima. Hayo yote ulifanya kweli, hujadanganya, umeyataja tu kwa jina ambalo mwajiri wa huko analielewa. Na kwenye usaili ukiulizwa kwa nini unaacha wodi usianze kuiponda, sema unaenda kwenye nini.

Mshahara unapungua?

Mara nyingine mwanzoni ndiyo, hasa kwa sababu posho za usiku na sikukuu zinakatika. Piga hesabu ya mshahara wa msingi kwa msingi, ongeza nauli, ongeza na thamani ya kulala usiku. Utafiti wa dawa mara nyingi unaenda kwa mikataba ya mradi, mradi ukiisha na mkataba umeisha, kwa hiyo uliza muda uliobaki kabla hujakubali.

## Hali za mtu mmoja mmoja

Naogopa damu, naogopa matapishi. Nitamalizaje hata shule?

Wengi inapungua kwa kuzoea pole pole, ukianza kwa kuangalia, halafu kusaidia, halafu kufanya. Kama unaona giza ukiona damu, kula kabla ya zamu, usisimame umekaza magoti, na ukihisi inaanza kaza misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde kadhaa, achia, rudia, inasaidia presha isishuke. Kaa chini kabla hujaanguka, hakuna mwenye akili atakayekucheka. Mwambie mwelekezi wako mapema. Ukishamaliza, zile kazi zisizo na mgonjwa mbele yako, nilizozitaja juu, zinakungoja.

Mgongo wangu umeumia, au ngozi yangu inakataa glavu.

Hapa usivumilie ukidhani ni ujasiri. Ripoti kwa maandishi, pata barua ya daktari, omba mazoezi yanayoweza kubadilishwa. Mzio wa glavu za mpira una mbadala wa glavu za nitrili, kwa hiyo peke yake si sababu ya kuacha. Kwa mgongo angalia simu, kodi, bima, utafiti.

Nilifiwa na mgonjwa mikononi mwangu na tangu hapo siwezi kuingia wodini.

Pole sana. Hili usilichanganye na swali la kazi kwanza. Tafuta mtu wa kukusikiliza, mshauri wa chuo, mwalimu unayemwamini, na uombe kujua kitabibu nini kilitokea, manake mara nyingi mwanafunzi anabeba lawama ambayo haikuwa yake. Ukishapata pumzi, na ukiona bado hutaki wodi, rudi juu kwenye swali la kujua kinachokukera. Kuondoka kwa kuchagua na kuondoka kwa kukimbizwa na jinamizi havifanani, na ningependa wewe uchague.

Nyumbani wanasema nimewaaibisha, walitaka nesi wa hospitali.

Wazazi wengi wanachojua ni gauni jeupe na wodi. Usibishane nao kwa maneno, wapeleke picha: mama, mimi ndo nitakuwa naangalia kama dawa mpya ni salama kabla haijafika kwa watu. Baba, mimi ndo nitahakikisha mtu akifanyiwa upasuaji hapati kidonda kibaya. Wakielewa kazi inamsaidia nani, wengi wanatulia, na asiyetulia mpe muda.

Leseni inakufa nikikaa nje ya wodi?

Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi. Kawaida unatakiwa kulipa ada ya kuhuisha na kuonyesha masomo ya kujiendeleza, na baadhi ya mabaraza yanataka saa za kazi, lakini saa hizo mara nyingi si lazima ziwe za kitandani, kufundisha au utafiti vinaweza kuhesabika. Soma kanuni za baraza lako zilivyoandikwa, usitegemee maneno ya kwenye korido. Usiache leseni iishe hata kama kazi yako ya sasa haiiulizi.

Nikihamia nchi nyingine, naweza kuanza moja kwa moja na kazi ya ofisini?

Ni ngumu zaidi. Kwa mfano Marekani unatakiwa kufaulu mtihani wa NCLEX ndo upate leseni, na waajiri wengi wanaoleta wauguzi kutoka nje wanawaleta kwa ajili ya wodi kwa sababu ndo wanakopungukiwa. Soma mkataba, angalia miaka uliyofungwa na faini ya kuvunja. Wengine wanafanya hiyo miaka, halafu wanahama kitengo wakiwa ndani.

Na nikigundua baadaye nimeikumbuka wodi?

Unarudi. Kuna kozi za kurudisha ujuzi, na wodi nyingi zina upungufu wa watu kiasi kwamba hawatakuuliza sana ulikuwa wapi, watakuuliza unaweza kuanza lini. Omba wiki chache za kufanya kazi chini ya mwenzako, pitia upya dozi na mashine mpya, na usione haya kuuliza kitu ambacho zamani ulikijua.